Vitamutamu vya Krismasi bila oveni: wa Mwanza na kando ya ziwa tukutane hapa

Kapu la Noeli (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Desemba ikiingia tu, magrupu yanajaa picha za biskuti zilizonyunyiziwa sukari ya unga na nyumba za keki. Ukifungua maelekezo, mstari wa kwanza: washa oveni nyuzi 180. Mtu mwenye mtungi mdogo wa gesi na jiko la mkaa anafunga simu, anakwenda kununua pipi za dukani. Uzi huu ni wa mtu huyo. Tunaongelea vitu vitamu vya kuweka kwenye sinia wageni wakija, na vya kufunga vizuri ukampelekea jirani, mwalimu wa mtoto au wakwe, bila kuoka chochote.

Msimamo wangu niuseme mapema ili tubishane vizuri: kwa mtu wa Mwanza, zawadi ya Krismasi ianze na karanga. Nazi tunayonunua Soko Kuu imesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani na bei yake inaonyesha hivyo. Chokoleti ya kweli ni ghali na haipendi joto letu. Karanga zinalimwa hapahapa Usukumani, unazikaanga mwenyewe, na hakuna mtoto anayezikataa. Vingine vyote, kakao, biskuti, maziwa ya kopo, viwe vya kuzisindikiza.

Naanza na mbili ambazo hazigusi moto, ukiacha kukaanga karanga.

Ya kwanza ni vidonge vya biskuti. Chukua biskuti za Marie gramu 250. Zitwange kwenye kinu, au zifunge kwenye kitambaa safi upitishe chupa juu yake. Usizifanye unga kabisa, chengachenga zikibaki ndipo utamu wa kutafuna ulipo. Changanya na kakao vijiko vikubwa vitatu na kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Mimina maziwa mazito matamu ya kopo, lile la gramu 397, lakini acha robo ya kopo pembeni kwanza. Biskuti zinatofautiana: nyingine zinakunywa maziwa kama ardhi ya Kwimba inavyokunywa mvua ya kwanza, nyingine zinalowa mapema. Funika nusu saa, halafu ndiyo uamue kama robo iliyobaki inahitajika. Paka mikono mafuta kidogo, viringisha kijiko kikubwa kimojakimoja, kisha garagaza kila kidonge kwenye karanga laini au kakao. Vinatoka kama 40.

Ya pili haina biskuti. Siagi ya karanga kikombe kimoja, asali nusu kikombe, maziwa ya unga kikombe kimoja, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Kanda. Ukiona inanata sana ongeza maziwa ya unga kidogokidogo, maana asali mbichi nyepesi inahitaji zaidi. Viringisha, garagaza kwenye ufuta uliokaangwa. Hizi wapewe wakubwa na watoto waliokwisha vuka mwaka mmoja. Mtoto wa chini ya mwaka hapewi asali hata kidogo.

Na kabla hamjakimbilia sokoni: chagueni karanga moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au inayochachusha ulimi, tupa. Kuna sumukuvu humo, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu mikoa ya Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi, na karanga ni ndugu wa mahindi kwenye jambo hili. Msidhani kukaanga kunaisafisha. Moto wa jikoni unaipunguza tu, hauimalizi. Karanga zilizokwisha sagwa ambazo hukuziona zikiwa nzima, mimi sinunui.

Uwanja wenu.

---

Kijana wa Buhongwa

Krismasi ni pilau na soda ya baridi. Hayo mengine mnatafuta kazi.

---

Mama Kwaya

@Kijana wa Buhongwa pilau utampelekea mwalimu wa mwanao kwenye bahasha?

---

Mtanga Halisi

Dada Kapu, nimehamia huku Mwanza kikazi, nipo Kirumba. Nimesoma kwa heshima zote, lakini kashata bila nazi hiyo tunaiitaje? Kwetu Tanga mtoto anakua akijua mbuzi ya kukunia kabla hajajua kalamu. Mnatunyima haki.

---

Kapu la Noeli

Kaka karibu ziwani. Kashata za nazi nakula nikipewa, sikatai. Ila fanya hesabu ya zawadi za nyumba kumi. Nazi ngapi hizo? Na nazi mbichi ina maji mengi. Kashata yake laini haikai siku nyingi kabla ya kuchacha, wakati ya karanga ukiifunga vizuri inavuka mwaka mpya.

Kashata ya karanga ninavyopika: karanga nusu kilo, zimekaangwa na kupepetwa maganda. Sukari vikombe viwili, maji nusu kikombe, iliki iliyotwangwa kijiko cha chai, matone machache ya limau. Sukari na maji viyeyuke kwanza kwa moto mdogo, ukikoroga. Ikishayeyuka na kuanza kuchemka, weka limau, toa mwiko, usiguse tena. Watu wengi wanaharibia hapo: wanakoroga mpaka mwisho, chembe za sukari zinazoganda pembeni mwa sufuria zinarudi ndani, na shira yote inageuka mchanga. Limau linasaidia kuzuia hilo. Povu la juu lienguliwe.

Ikiwa nzito, mimina karanga na iliki, geuza haraka, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha kwa chupa, kata ingali ya moto. Ikipoa hukati tena, unavunja.

---

Jiwe la Bismarck

"Ikiwa nzito" ndiyo nini sasa? Hapo ndipo mnapotuacha nyie wapishi. Mke wangu alifuata video ya jamaa wa Dar dakika kwa dakika, ikatoka kitu tulichogonga kwa nyundo. Tukanunua na kipimajoto kabisa cha chakula, tukafuata namba aliyosema, bado mawe.

---

Fundi Vipimo

@Jiwe la Bismarck mkeo hana kosa. Kosa ni namba za pwani kutumika huku juu.

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi kuliko Dar, kwa hiyo maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mwanza yanachemka kwenye 96 hivi. Shira ya sukari nayo ni hivyohivyo. Joto la shira linapanda kadiri maji yanavyotoka. Kitabu kikisema nyuzi 112 hadi 116 kwa kidonge laini, yaani tone la shira likiingia maji baridi linakuwa kidonge kinachobonyea, kinaongelea usawa wa bahari. Ukingoja 116 ukiwa Mwanza, maji yameshatoka kupita kiasi, ni sawa na mtu wa Dar aliyefika 120. Ndiyo nyundo hiyo.

Dawa ni nyepesi. Chemsha maji matupu, tumbukiza kipimajoto chako, soma. Kikisoma 96, kila namba unayoikuta kwenye maelekezo toa 4. Kwa hiyo kidonge laini ni 108 hadi 112. Kwa kashata ngumu ya kuvunjika, vitabu vinasema karibu 149 hadi 154, wewe ipua kuanzia 145. Kipimajoto chenyewe kikiwa kinakosea kidogo, hesabu hiyohiyo inakirekebisha.

---

Kapu la Noeli

Asante sana Fundi, hii niliijua kwa mkono, sikujua sababu yake.

Kwa asiye na kipimajoto: weka kibakuli cha maji baridi karibu na jiko. Dondosha tone la shira. Likitawanyika, bado. Ukiweza kulikusanya chini ya maji likawa kidonge kinachobonyea, hiyo ni kashata laini. Likigeuka uzi mgumu unaovunjika kwa mlio, hiyo ni ngumu. Ukipima, sogeza sufuria kando ya moto, maana shira haikusubiri. Njia hii haijali uko Tanga au Bukoba.

Na tafadhali watoto wasiwe karibu. Shira inaungua kuliko maji na inaganda juu ya ngozi. Maji ya bomba ya kutosha yawe jirani.

---

Mtanga Halisi

Kumbe ndiyo maana kashata zangu huku zinatoka ngumu kuliko za mama! Nilikuwa nalaumu sukari.

---

Binti Nansio

Za kwangu ni tatizo la kinyume. Zinatoka safi, zinakatika vizuri, kesho yake asubuhi zimetoa jasho na zinanata kwenye sahani. Nipo Ukerewe, mvua hii ya Desemba haina mapumziko.

---

Kapu la Noeli

Binti, sukari iliyopikwa inavuta unyevu wa hewani, na wewe umezungukwa na maji pande zote. Mambo matatu, na la kwanza ndilo kubwa: usizifunge zikiwa na uvuguvugu, hata kidogo. Mvuke unabaki ndani ya kopo na kugeuka maji. Lakini pia usiziache wazi usiku kucha "zipoe". Zikipoa kabisa mkononi, saa hiyohiyo ziingie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Makopo ya maziwa ya unga ni mazuri mno, osha, kausha juani, funika nje kwa kitenge. Katikati ya safu na safu weka karatasi ya kuokea keki. La tatu, pika siku ambayo mvua imekatika kidogo, kama unaweza kuchagua.

Na kama mnapika usiku karibu na ufukwe, zimeni taa ya nje au fungeni dirisha. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakiiona taa wanakuja kwa mamilioni, na wakitua kwenye shira hakuna cha kuokoa. Utamwambia mgeni ni ufuta?

---

Kijana wa Buhongwa

Hahahaa ufuta wa ziwani. Sawa, mmenivuta. Mimi nina kopo la maziwa matamu na siagi kidogo. Nimewahi kusikia unalichemsha kopo zima, halijafunguliwa, saa mbili tatu, linatoka karameli. Nijaribu?

---

Mama Kwaya

USIJARIBU. Maji yakipungua kopo likabaki wazi juu, linaweza kupasuka na kukumwagia maziwa ya moto usoni. Wenyewe wanaotengeneza maziwa hayo wanakataza. Una kopo moja, una uso mmoja.

---

Kapu la Noeli

Mama Kwaya amemaliza. Wewe fungua kopo, mimina kwenye sufuria yenye kitako kizito, weka siagi kijiko kikubwa kimoja na kakao vijiko vitatu. Moto mdogo, koroga bila kuacha kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Ukipitisha mwiko katikati na kitako cha sufuria kikaonekana kwa muda kabla mchanganyiko haujajifunga, ipua. Mwaga kwenye sahani yenye siagi, ikipoa viringisha. Brazili hivi vinaitwa brigadeiro na hakuna sherehe ya mtoto inayopita bila navyo. Huku kwetu mimi navigaragaza kwenye karanga.

Hapa hakuna kipimajoto, hakuna mambo ya mwinuko, jicho lako tu. Kwa anayeanza, anzia hapa badala ya kashata.

---

Ngosha wa Magu

Wabheja sana wanajukwaa. Mimi ni mwanamume, nimeoa mwaka huu, Krismasi naenda ukweni Sengerema na nataka kufika na kitu nilichotengeneza kwa mkono wangu. Ila mama mkwe ni mtu wa zamani, hivi vya kakao ataviangalia tu. Nimefikiria matobolwa. Msinicheke.

---

Kapu la Noeli

Nani anacheka? Ngosha umeleta jambo ambalo nilitakiwa kuanza nalo. Kwa wasiojua: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi vikaanikwa, matobolwa vimechemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Matobolwa tayari yameiva na yana utamu wake, unatafuna hivyohivyo. Michembe lazima ipikwe, kwa hiyo kwa kazi hii usiichukue.

Chagua yaliyo laini kidogo, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, yaache yakauke. Katakata vipande vidogo. Twanga na karanga za kukaanga, kiasi sawa kwa sawa, mpaka vishikane. Ongeza asali kijiko kimoja kimoja mpaka ukibana mkononi halimeguki. Iliki kidogo, chumvi kidogo sana. Tandaza kwenye sinia unene wa kidole, gandamiza, acha masaa, kata vipande vya pembe nne. Mama mkwe atatambua kila kilichomo, na atashangaa kimekutanaje.

---

Ngosha wa Magu

Vilivyokauka sana mpaka vinapiga kelele kwenye kinu je?

---

Kapu la Noeli

Vifunike kwenye chombo juu ya mvuke dakika chache, vitalegea. Usivitie majini, vitaleta ukungu baadaye.

---

Mama Kwaya

Naomba kuuliza kwa niaba ya darasa la watoto kanisani. Tuna watoto wengi, wengine wadogo kabisa, na wazazi hatuwajui wote. Karanga zote hizi mnazosifu hazinipi amani.

---

Fundi Vipimo

Na uko sahihi. Kuna watu wana mzio wa karanga, na kwa mwenye mzio mkali hata chembe ni hatari. Halafu karanga nzima kwa mtoto wa chini ya miaka mitano inaweza kumkaba koo hata kama hana mzio.

---

Kapu la Noeli

Kwa darasa la watoto, karanga nje kabisa, dada. Hapo msimamo wangu wa juu unakaa pembeni. Tumia vidonge vya biskuti, badala ya karanga ongeza biskuti gramu 100 zaidi, na garagaza kwenye kakao au maziwa ya unga. Au tende: toa kokwa, twanga mpaka ziwe donge, changanya na biskuti za kutwanga, viringisha. Hazihitaji sukari wala kopo. Kinu na vyombo vilivyotumika kwa karanga vioshwe sana kwanza, au bora azima vingine. Soma na pakiti ya biskuti, nyingine zinaandika kwamba zina karanga. Na tangazo kwa wazazi kabla ya kugawa, si baada.

---

Jiwe la Bismarck

Kuhusu chokoleti hamjasema. Nimeona watu wanachovya karanga kwenye chokoleti, inapendeza sana kwenye sinia.

---

Kapu la Noeli

Inapendeza mpaka saa sita mchana. Siagi ya kakao kwenye chokoleti ya kweli inayeyuka karibu na nyuzi 34, na inaanza kulegea kabla ya hapo. Sebuleni kwenye kivuli itavumilia. Ndani ya daladala ya kwenda Igoma, kwenye mfuko uliowekwa dirishani, utafika na tope. Ile ya kupikia iliyotengenezwa kwa mafuta mengine ya mimea inavumilia zaidi, ladha yake imepungua kidogo. Kwa zawadi ya kusafiri natumia hiyo, kwa ya mezani natumia ya kweli.

Kuyeyusha: bakuli kavu juu ya sufuria yenye maji yanayofuka, kitako cha bakuli kisiguse maji, moto chini kabisa. Tone moja la maji likiingia, chokoleti inakakamaa na kuwa chengachenga. Ikikutokea usitupe, ongeza maziwa ya moto kijiko baada ya kijiko ukikoroga mpaka ilainike, itakuwa mchuzi wa kumwagia ndizi. Kuchovyea haifai tena. Na usiigandishe kwenye friji lenye sato, mafuta ya kakao yanabeba harufu. Vivyo hivyo karanga: nimeshaona watu wanapita soko la samaki la Mwaloni kuchukua dagaa na karanga kwenye kikapu kimoja.

---

Kijana wa Buhongwa

Nimepika ile ya Brazili. Haijafika Krismasi. Haijafika hata jioni. Swali: hivi nikitengeneza nyingi nikauza pale mtaani msimu huu?

---

Fundi Vipimo

Kuwapa jirani ni jambo moja, kuuza kwa lebo ni jingine. Bidhaa ya chakula iliyofungashwa inataka kibali cha TBS, Shirika la Viwango. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza, wanafundisha usindikaji na wanakuelekeza taratibu. Msimu huu wapelekee watu waonje, mwakani ndiyo uuze.

---

Mtanga Halisi

Na vya kufungia? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, mimi bado naona watu wanauliza dukani.

---

Kapu la Noeli

Bahasha za kaki, kipande cha kitenge kilichofungwa kwa kamba ya katani, makopo, vikapu vidogo. Ila karatasi ya kaki ikigusa kitu chenye mafuta inatoa madoa, kwa hiyo ndani tanguliza karatasi ya kuokea keki. Vipande vinne vitano kwa bahasha vinatosha. Andika kwa kalamu kilichomo, hasa neno KARANGA, na siku uliyotengeneza. Vidonge vya maziwa ya kopo vikae kwenye friji na viliwe ndani ya wiki. Umeme ukikatika siku nzima, vile ndiyo vya kwanza kuliwa. Kashata ngumu haina haraka. Na sisimizi wana pua kuliko watoto: kopo liwe juu ya kisahani chenye maji.

---

Ngosha wa Magu

Mrejesho: ya matobolwa imeshikana vizuri, nimeongeza ufuta. Nikitoka Mwanza siku hizi ni darajani tu Kigongo hadi Busisi, kwa hiyo hata zile za chokoleti ningeweza kubeba, ile foleni ya kivuko juani haipo tena. Ila sibebi. Mama mkwe kwanza.

---

Binti Nansio

Kapu, la mwisho. Mdogo wangu yupo chuo hapo Mwanza, nataka nimtumie kopo kwa meli ya asubuhi. Kashata ngumu au laini?

---

Kapu la Noeli

Ngumu, mdogo wangu. Pika jioni mvua ikikatika, funga zikiwa baridi kabisa, jaza kopo mpaka juu zisigongane, juu yake kunja karatasi uibane na mfuniko. Mwambie mtu atakayelibeba aliweke kivulini, mbali na magunia ya dagaa.